Kijiko cha Mwokaji

Mama alisema angefika saa kumi. Alifika saa nane. Ndivyo alivyo: alikuwa mkunga mpaka alipostaafu, na kazi ile ilimfundisha kutoziamini saa za watu, kwa kuwa watoto hawazaliwi kwa tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.

Mlango wa nyuma wa duka la keki ulikuwa umeachwa wazi kupunguza joto la oveni. Aliupita bila hodi, mkoba begani, akamkuta binti yake amesimama mbele ya meza ndefu. Juu ya meza kulikuwa na keki tatu za matunda, kubwa, ya kati na ndogo, zimefunuliwa karatasi zake. Kwenye kona, chini ya friji kubwa, zilichomoza soli mbili za viatu vya kiume.

"Shikamoo mama," zilisema soli.

"Marahaba. Toka huko nikuone uso."

"Nashikilia mpira wa mlango, mama. Nikiachia sasa, gundi itashika vibaya. Dakika moja tu."

"Haya, shikilia," Mama alisema, akavuta kiti, ila hakukaa. Alikuja kumwangalia mtu huyo, na hakuwa na haraka.

Mtaa mzima ulimwita Barafu, hata yeye ukimwita kwa jina la nyumbani kwao alichelewa kugeuka. Ni fundi wa mafriji. Binti wa Mama naye wateja walimbatiza Dada Keki, na jina likamkaa. Mapenzi yao yalianzia kwenye friji hilohilo la kona, siku lilipogoma na krimu ya keki nne ikaanza kulia. Barafu alikuja asubuhi na boksi lake la vifaa. Friji lilipona kabla ya chakula cha mchana, lakini fundi hakuondoka mpaka jioni, na hakuna aliyemuuliza anasubiri nini.

Yote yangekwenda vizuri kama si harusi ya kaka yake Dada Keki. Siku ile Barafu alikunywa mpaka akasahau kwamba ana mgongo. Akacheza kinyumenyume, mikono juu, akirudi, akirudi, mpaka mgongo ukakutana na meza ya keki. Dada Keki alikuwa ameitengeneza keki ile kwa wiki nzima, ghorofa nne, maua ya sukari moja moja kwa mkono. Ilianguka mbele ya wakwe. Barafu alikaa chini katikati ya krimu akaomba msamaha kwa ghorofa ya pili.

Ndipo Mama alipomwita sebuleni kwake.

"Mimi nilishaishi na chupa ndani ya nyumba," alimwambia. "Mlio wa kizibo naujua hata nikiwa usingizini. Mume wangu alikuwa mtu mzuri sana asubuhi. Sitaki binti yangu aolewe na asubuhi tu. Kaa mwezi mzima hujagusa. Ukimaliza, lete watu wako tuzungumze. Ukishindwa, tusisumbuane."

Barafu alikuwa amekaa ukingoni mwa kochi, magoti pamoja, kama mgeni wa hospitali.

"Nimekubali, mama. Ila naomba tukae wote wawili. Mimi na yeye."

Dada Keki, aliyekuwa amekaa pembeni, alicheka. Yeye? Glasi moja ya mvinyo jioni baada ya kufunga duka, mbili Jumamosi akiwa na Barafu kibarazani, nani anaiita hiyo pombe?

"Mwezi mmoja tu? Mbona mteremko," alisema.

Mteremko huo! Barafu alihenyeka waziwazi, kila mtu akaona. Nusu ya kazi zake ziko kwenye baa, huko ndiko mafriji yanakofanya kazi bila kupumzika, na wenye baa walishazoea kumtuliza kwa bia mbili za baridi akimaliza. Wiki ya kwanza alikuwa mkali kama pilipili, akakosa usingizi, akala pipi hadi jino likamuuma. Mwenye baa ya kona alichukua chupa ya bia aliyoipenda Barafu, akaibandika plasta nyeupe, akaandika jina lake, akaiweka nyuma kabisa ya friji. "Siku mwezi ukiisha, hii hapa inakungoja, baridi kama mkono wa bosi." Kila Barafu alipokwenda kulitazama friji lile aliiona chupa yake. Aliiinua, akasafisha chini yake, akairudisha.

Dada Keki alihenyeka kimya. Na kuhenyeka kwake kulikuwa na mlango wa nyuma.

Keki ya matunda ya harusi huokwa mapema, halafu hunyweshwa. Kila baada ya siku chache mwokaji huifungua, huitoboatoboa kwa kijiti cha meno, akaidondoshea brandi kijiko kwa kijiko, akaifunga tena ilale. Bibi mmoja mpishi wa hotelini, aliyemfundisha Dada Keki kazi hii, alikuwa na mtindo wake: kijiko kimoja cha mwokaji kwanza, kuonja, ndipo vijiko vya keki. Kijiko cha mwokaji hakikuwa pombe. Kilikuwa kazi, kama vile mpishi anayeonja chumvi hasemi kwamba amekula. Basi mwezi ulipoanza Dada Keki alionja kama kawaida yake, wala roho haikumsuta.

Lakini jioni duka likishafungwa, miguu inauma, ile saa ya glasi yake ilikuja ikamkuta hana cha kuipa. Hakujua kama ina njaa kiasi kile. Akaonja tena. Keki zilikuwa zimeshalala kwenye karatasi zake siku hiyo, hazikuhitaji chochote, ila yeye akaonja. Kijiko kikawa vijiko. Halafu kuosha kijiko kila mara kukamchosha, akachukua kikombe cha chai.

Alhamisi iliyopita Barafu alikuja bila taarifa akakuta kikombe.

"Hii nini?"

"Naonja kazi."

"Kwa kikombe?"

"Wewe unajua nini kuhusu keki?"

"Sijui kitu. Najua kikombe."

Hapo ndipo Dada Keki alipotamka neno ambalo amelijutia tangu siku hiyo. "Aliyelewa akaangusha keki mbele ya watu ni wewe. Siyo mimi. Usije hapa kunikagua." Barafu alichukua boksi lake, akaenda. Hakupiga simu Ijumaa. Jumapili hii amekuja kwa sababu aliahidi kubadilisha mpira wa friji, na Barafu akiahidi kazi huja. Walikuwa wamesalimiana tu. Dada Keki alikuwa na maneno ya kuomba radhi, tayari kabisa, anasubiri fundi atoe kichwa chini ya friji. Badala yake akaingia Mama.

"Hizi ndizo zile keki?" Mama aliuliza.

"Ndizo. Harusi ya binti wa mwenye duka la dawa, Jumamosi. Mama, ngoja nizifunge kwanza nikutengenezee chai."

"Chai haina haraka."

Mama alikwenda kwenye sinki, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akaikausha. Akainyanyua ile keki ndogo kwa viganja viwili.

"Hii nyepesi."

"Mama, keki haipimwi kwa mkono."

"Nimepima watoto kwa mkono maisha yangu yote. Mzani ulikuwa unakuja kunithibitishia tu." Akaibonyeza ubavuni kwa kidole. Makombo yakapukutika juu ya meza, makavu. "Mwanzoni mwa mwezi nilikuja hapa, nikakuta chupa ya brandi juu ya rafu hiyo, imejaa, haijafunguliwa. Nikakuuliza, pombe ndani ya duka, na ndio kwanza mmeanza? Ulinijibu nini?"

Dada Keki alikumbuka vizuri. Walikuwa wamecheka wote watatu.

"Nilisema keki zinakunywa, sisi hatunywi."

"Chupa nzima itaingia kwenye keki hizi, ulisema. Kidogokidogo." Mama aliishusha chupa kutoka kwenye rafu, akaitikisa. Kilichobaki kililia chini kabisa. "Sasa keki hazijanywa. Nani kanywa?"

Mota ya friji ilizimika. Barafu akajivuta kutoka chini, akakaa sakafuni, mgongo umeegemea mlango aliokuwa akiutengeneza. Vumbi lilikuwa limemshika kwenye nyusi. Mama akamgeukia, na Dada Keki akaona kabisa jinsi hesabu inavyofanyika kichwani mwa mama yake: mtu huyu ana ufunguo wa chumba hiki, mtu huyu alianguka na keki, mtu huyu.

Barafu hakumtazama Mama. Alimtazama Dada Keki. Hakukuwa na hasira ndani ya macho yale, wala hakukuwa na swali. Yalikaa usoni kwake kidogo, kama mtu anayehakikisha kitu kiko mahali pake kabla hajazima taa, kisha yakashuka kwenye mikono yake mwenyewe.

"Mama," alisema, "naomba nianze mwezi upya."

Mama alishusha pumzi. Hakuonekana kushangaa, na hilo lilikuwa baya kuliko kushangaa.

"Nilijua," alisema. "Ila nashukuru umesema. Baba yake huyu hakuwahi kusema hata mara moja. Basi, mwanangu. Watu wako wasije. Mwezi mpya tutaangalia, lakini mimi sikuahidi kitu tena."

Aliweka chupa mezani, akaanza kuutafuta mkanda wa mkoba wake begani.

Kitu cha kwanza alichokisikia Dada Keki ni nafuu. Haina maana kuificha. Ndani ya droo kulikuwa na chupa mpya aliyoinunua jana. Angezinywesha keki usiku, zingekaa sawa kufikia Jumamosi, angekitupa kile kikombe, angemwomba Barafu msamaha. Barafu angemsamehe. Alijua hivyo bila wasiwasi wowote, na kujua huko ndiko kulikomchoma. Mwanamume huyu, alijiambia, amekaa mwezi mzima akiinua chupa yenye jina lake na kusafisha chini yake, halafu anakaa sakafuni mwa duka langu, nyusi zimejaa vumbi, anapokea aibu yangu kana kwamba nimemkabidhi boksi la vifaa ashike.

Mama alishafika mlangoni.

"Mama, rudi ukae."

"Nitakuja siku nyingine."

"Mama, ni mimi."

Mama aligeuka. "Ni wewe nini?"

"Nimekunywa mimi."

"Acha hayo." Sauti ya Mama ilikuwa ya uchovu tu. "Usimfichie mwanamume. Mimi nilifanya kazi hiyo miaka, nikamfichia kwa majirani, nikamfichia kazini kwake, nikawafichia hata nyinyi. Hailipi."

"Simfichii. Yeye ndiye ananifichia."

Akaenda kwenye kopo kubwa la unga, akapitisha mkono nyuma yake, akatoa kikombe, akakiweka mezani mbele ya mama yake. Mama alikitazama. Kilikuwa kimoja cha ile seti aliyompa mwenyewe siku duka lilipofunguliwa, cheupe chenye ukingo wa bluu. Alikiinua, akakinusa mara moja. Kunusa vikombe ni kitu ambacho hajawahi kukisahau. Kisha akakaa kwenye kile kiti alichokivuta tangu mwanzo.

"Tangu lini?"

"Wiki ya kwanza. Kilikuwa kijiko."

"Na sasa?"

"Kikombe. Nikishafunga duka."

"Kila siku?"

Dada Keki alitaka kusema siyo kila siku. Sentensi ilikuwa tayari mdomoni, imeoga na kuvaa.

"Kila siku," alisema.

"Asubuhi mikono inatetemeka?"

"Hapana."

"Ingetetemeka, maua ya sukari yangekuonyesha. Unaficha?"

"Mama, umeona nimekitoa wapi."

"Nataka ulitamke."

"Naficha."

Mama aliitikia kwa kichwa, polepole, jinsi alivyokuwa akiitikia wodini mama mzazi alipojibu maswali. Dada Keki alingoja matusi, au machozi, au jina la marehemu baba yake. Hakikuja hata kimoja. Mama alikisogeza kikombe pembeni kwa kidole kimoja, akamgeukia Barafu, ambaye bado alikuwa sakafuni.

"Na wewe. Umenidanganya mchana kweupe."

"Ndiyo, mama."

"Kwa nini?"

Barafu alijikuna nyusi, vumbi likaanguka. "Jinsi ulivyoniangalia pale, mimi nimeshazoea kuangaliwa hivyo. Yeye hajazoea."

Dada Keki aligeuka upande wa oveni kwa sababu uso wake ulikuwa umemshinda. Alimpenda mtu huyu tangu siku ya krimu, aliwaambia watu wengi kwamba anampenda, lakini hakuwahi kuona aibu mbele ya penzi lake kama alivyoona sasa.

"Ujinga huo," Mama alisema, ila sauti ilikuwa imepungua makali. "Ungemwoa ukaendelea hivyohivyo, mngezama wote. Usirudie."

"Sirudii, mama."

"Simama basi, sakafu hiyo baridi." Akazikazia macho zile keki. "Na hizi? Si Jumamosi watu wanaoa?"

"Zinatakiwa kunyweshwa leo, na keshokutwa tena," Dada Keki alisema. "Chupa mpya iko kwenye droo."

"Nani atanywesha?"

Hilo hakuna aliyekuwa amelifikiria. Dada Keki alimtazama Barafu, Barafu akamtazama Dada Keki. Fundi aliinua mikono juu, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi akatabasamu.

"Mimi nisiguse hiyo droo. Mwezi wangu unaisha kesho, msiniponze dakika za mwisho."

"Na huyu hagusi," Mama alisema, akimwonyesha binti yake kwa kidevu. Akashusha pumzi ndefu sana. Maisha yake yote mwanamke huyu hakuwahi kufungua chupa ya pombe. Nyingine alizimwaga, nyingine alizificha juu ya dari, ila kufungua, hapana. Alivua saa, akaiweka ndani ya mkoba. Akarudi sinki kunawa tena. "Nifundishe. Simama kule dirishani, mbali, uniambie kwa mdomo."

Basi Dada Keki akasimama dirishani, na Barafu akasimama kando yake, na mkunga mstaafu akavunja kizibo cha brandi.

"Toboa kwanza. Kwa kijiti. Usifike chini."

"Namna hii?"

"Ndiyo. Sasa kijiko, polepole. Usimwage, dondosha. Ngoja inyonye, halafu kingine."

"Naona inanyonya." Mama alikuwa amekishika kijiko karibu kabisa na keki, kichwa ameinamisha upande, jinsi anavyomnywesha kichanga dawa. "Haya, mpenzi, kunywa. Kunywa, ndiyo hivyo. Mmekaa na kiu mwezi mzima, hakuna aliyewahurumia."

Barafu aliuma mdomo asicheke. Harufu ya brandi ilijaa chumba, tamu, yenye joto, na Dada Keki akasikia mate yakimjaa. Akashika ukingo wa dirisha. Mkono wa Barafu, wenye gundi na vumbi, ukaja ukaukalia wake.

"Alhamisi nilikukosea," Dada Keki alimwambia kwa sauti ya chini.

"Ulinikosea kweli."

"Nisamehe."

"Nimesamehe tangu Ijumaa. Nilikuwa nanuna tu." Akamkaribia kidogo. "Inauma?"

"Inavuta. Hukuniambia inavuta hivi."

"Ulisema mteremko."

"Usinicheke."

"Sicheki. Wiki ya kwanza ndiyo mbaya. Nunua pipi, lakini angalia meno."

Kutoka mezani, bila kuinua kichwa, Mama alisema, "Mwezi wa huyu unaanza leo. Nitakuja mwenyewe kunywesha keki zote mpaka uishe. Na mwezi ukiisha, wewe fundi, lete watu wako. Wewe deni lako kwangu limekwisha, kesho uko huru."

"Asante, mama."

Kesho uko huru. Dada Keki aliiona chupa ya kule baa ya kona, plasta nyeupe, jina lake. Mtaa mzima unaingojea siku hiyo. Wameshapanga viti.

"Nenda kanywe bia yako kesho," alimwambia. "Umeistahili. Mimi nitaweza."

Barafu alitoa simu mfukoni kwa mkono mmoja, ule mwingine haukuondoka dirishani, akabonyeza, akaiweka sikioni.

"Mzee wa baa? Barafu hapa... Salama. Ile chupa yangu ya kule nyuma... Ndiyo, yenye plasta. Bandua plasta, muuzie mtu." Akasikiliza. Kicheko kilisikika kutoka upande wa pili, na maneno mengi. "Hapana, sijashindwa. Narudia mwezi... Hakuna aliyenilazimisha."

Alimtazama Dada Keki alipokuwa akisema hivyo.

"Ule wa kwanza ulikuwa wa mama mkwe," alisema kwenye simu. "Huu ni wa kwetu."

Mezani, kijiko kilisimama hewani. Mama hakuwahi kuitwa hivyo na Barafu hadi siku hiyo. Akakohoa, akachovya tena kijiko, akaendelea kuzinywesha keki.